Kabambare, Njia Panda ya Makabila

Jina la Kabambare likitajwa, wengi hufikiri mara moja juu ya barabara mbovu, dhahabu ya Namoya na habari za vita. Hayo yapo, wala hatuyakani. Lakini leo twapenda kuwaonyesha Kabambare kwa upande mwingine: nchi ambamo makabila mengi yalikutana, yakaoana, yakagombana, yakafundishana.

Wenye nchi walio wengi ni Wabangubangu. Pamoja nao wako Wahombo, na Wabuyu, ambao wengine huwaita Waboyo. Upande wa mashariki, kuelekea Fizi, twawakuta Wabembe. Ukishika njia ya Kasongo wawakuta Wazimba, na ukifika ukingoni mwa Lualaba wawakuta Wagenya, mabwana wa mitumbwi na nyavu. Kaskazini, huko Pangi, ni msitu wa Warega. Kila watu wana lugha yao ya nyumbani, ila wakikutana sokoni wote husema Kiswahili.

Kiswahili hicho kilikujaje? Tuseme kweli bila kuficha: kilikuja na misafara ya kutafuta pembe na watumwa, iliyotoka Ujiji ikipita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe. Watu wa misafara walijiita waungwana, na ndiyo maana lugha yetu ya Maniema iliitwa Kingwana. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa misafara hiyo waliwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja kuuza samaki na chumvi. Wengi walijitupa mtoni wakafa maji. Wafanyabiashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Lugha iliyokuja kwa njia hiyo ndiyo leo tunayowabembelezea watoto wetu, na kwayo twasali. Ni jambo la ajabu, nasi hatujui kulieleza vema zaidi ya hapo.

Aliyeyaona mauaji hayo kwa macho yake ni David Livingstone, yule mganga Mwingereza kutoka Scotland. Kabla ya kufika Nyangwe alikuwa amekaa sana Kabambare, ambayo katika daftari zake aliiandika Bambarre. Alifika tarehe 21 Septemba 1869. Mwaka uliofuata alipatwa na vidonda vya miguu, akalala kibandani siku 80, akivipaka unga wa jiwe la shaba uliochanganywa na maji. Aliandika kwamba katika nchi ya Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Aliondoka Februari 1871.

Twamshukuru kwa kuandika aliyoyaona. Asema barabara za vijiji zilielekezwa mashariki na magharibi, ili jua lipate kukausha unyevu upesi. Nyumba zilipangwa kwa mstari, kuta za udongo uliopigwa ukashikana, na mwishoni mwa barabara palikuwa na nyumba ya mabaraza. Ndani mlikuwa safi. Aongeza kwamba kabla ya wageni wa misafara kuja, kunguni hawakujulikana. (Wageni, kama mjuavyo, huleta mizigo mingi, na mingine haionekani mpaka usiku.)

Mtemi wa mahali pale, Moenekuss, alikuwa amekufa karibuni. Livingstone aeleza kwamba jina hilo maana yake ni bwana wa kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Habari aliyoisikia juu yake hatutaisahau. Mzee huyo aliwalipa mafundi wawafundishe wanawe kazi ya chuma na shaba. Wana wakajifunza, wakajua kufua. Lakini ukarimu wa baba yao, na moyo wake mwema kwa watu, hakuweza kuwapa.

Mababu wa pande hizi waliijua sana shida hiyo ya mzee Moenekuss. Ufundi hufundishwa, lakini wema je? Kwa Warega jibu lilikuwa Bwami, na Bwami ulikuwapo pia kwa jirani zao Wabembe na Wazimba. Wengi wamedhani ni uchawi tu. Haukuwa hivyo. Ulikuwa chama chenye madaraja, na mtu alipanda moja baada ya jingine, kwa wanaume mpaka Kindi. Mvulana alipaswa kwanza kupita jando, liitwalo Bwali. Kisha kila daraja lilitaka mali: mbuzi, vyakula, na shanga za magamba ya konokono. Mtu peke yake hakuweza kuzikusanya. Mwenye kiburi, asiyepatana na ndugu zake, alipata wapi wa kumchangia? Wala mwanamume hakupanda pasipo mke. Mke wa Kindi naye alipokewa katika daraja lake, Bunyamwa. Warega hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote, na kwa hiyo heshima ya mtu ilipimwa hapo.

Shule yenyewe ilikuwa ngoma, methali na vitu: sanamu ndogo za pembe au mti, vinyago vyenye ndevu, vijiko, hata mdomo wa ndege au gamba la kakakuona. Mwalimu alikishika kitu, akakicheza, akakitolea methali yake. Wako waliokuwa na sanamu yenye vichwa vingi, iitwayo Sakimatwematwe, mfano wa mwenye kuona pande zote, kama mzee ahukumuye kesi bila kupendelea. Neno lao busoga lina maana mbili kwa pamoja: wema na uzuri. Pembe hizo zilipakwa mafuta mara kwa mara, zikawa nyekundu na laini. Mwenyewe akifa, zilishikwa na ndugu aliyestahili.

Serikali ya Wabelgiji iliuogopa Bwami, na mwaka 1948 ikauvunja. Hata hivyo, kati ya 1952 na 1954, mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck aliweza bado kuziona sherehe zake na kuandika methali nyingi. Kitabu chake juu ya Warega kilitoka mwaka 1973. Vitu vyenyewe viliuzwa, vilichukuliwa, vilitawanyika. Leo vingi viko Ulaya na Marekani, na vingine katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Sanamu za mababu wa Wabuyu nazo zilikwenda njia hiyohiyo.

Sasa angalieni hasara ilivyo. Kitu kimoja kiliweza kutolewa methali hii leo na methali nyingine kesho, kwa kadiri ya mafundisho. Aliyenacho kabatini ana pembe iliyochongwa, lakini hana neno. Na huku kwetu wako wazee wenye neno lakini hawana pembe. Tangu vita vya 1996 wengi walikimbia vijiji vyao mara nyingi, na vijana wao wamo mashimoni wakitafuta dhahabu. Ninyi wanafunzi wa Kabambare na Kasongo, mna kalamu na madaftari. Mwulizeni babu au bibi methali moja tu kwa lugha ya nyumbani, kisha mwulizeni ilitolewa kwa kitu gani.