Ujumbe wa Simu ni Amana

Simu ya mkononi imekwisha kuingia katika nyumba nyingi, nasi twaitumia kwa salamu, biashara na maongezi. Yafaa tujue ya kuwa maneno machache yaliyoandikwa humo yaweza pia kuwa sababu ya kuokoka mama na mwanawe.

Jambo hili lilijaribiwa Unguja katika miaka ya 2009 na 2010. Waja wazito 2,550 waliandikwa katika vituo vya afya 24. Katika baadhi ya vituo, mama walipelekewa ujumbe wa kuwakumbusha siku ya kupimwa na kuwaeleza dalili za hatari, wakapewa na vocha ya kumpigia mkunga simu. Vituo vingine viliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yake, katika kila wanawake 100 wa vituo vya ujumbe, 60 walizalishwa na wenye ujuzi. Kwa wale wengine walikuwa 47.

Lakini faida hiyo ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Hapa pana funzo. Ujumbe hukumbusha tu. Hautoi nauli, wala haumchukui mama hospitali usiku wa manane. Kazi hiyo ni ya watu wa nyumbani. Ndiyo maana Tanzania ilipoanzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni mwaka 2012, ujumbe wake wa bure ulipelekwa kwa mama, na kwa waume na jamaa pia.

Basi yatupasa sisi akina baba tuangalie. Mara nyingi simu i mkononi mwa mume, na ujumbe wa mkewe humfikia yeye kwanza. Hiyo ni amana. Asiufute, bali amsomee. Na mama asiyejua kusoma, wanawe vijana wamsomee. Nauli iwekwe mapema, na namba ya mkunga na ya mwenye gari ziandikwe mahali pa wazi.

Akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa, macho yakiona kiwi, akishikwa na homa au kifafa, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usingojwe ujumbe wowote; apelekwe hospitali saa ile ile. Wala asingojezwe idhini ya mume aliye safarini: idhini hiyo na itolewe leo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na watoto wao. Amin.