Tarehe Sita: Njia ya Dawa ya Saratani ya Ovari Nyanda za Juu Kusini

Karatasi ya daktari ina mistari miwili tu: paklitakseli miligramu 280, kaboplatini miligramu 500. Kijana ameipokea asubuhi, na kufikia saa nane mchana ameshamaliza maduka ya dawa ya Mwanjelwa, Mbeya. Kote jibu ni moja: hatuna. Usiku ukoo unakaa kikao. Mjomba anasema liuzwe shamba la parachichi, atumwe mtu Dar es Salaam akanunue. Mama mwenyewe, tumbo limemjaa maji, anasikiliza kutoka chumbani.

Mfamasia yeyote wa tiba ya saratani anakijua kikao hicho. Leo naomba nikae nacho kidogo kabla shamba halijauzwa, maana kupata dawa hii si kununua chupa moja. Ni kuhakikisha kwamba itapatikana kwa kipimo sahihi, kwa kawaida mara sita, kila baada ya siku 21, mahali penye watu wanaojua kuitundika. Chupa moja isiyo na ya pili ni fedha iliyomwagwa.

Namba zimetoka wapi

Saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai ya uzazi, huja kimyakimya. Tumbo hujaa, mtu hushiba kwa vijiko vichache, haja ndogo humsumbua, nyonga humuuma. Wengi hutibiwa vidonda vya tumbo au U.T.I. kwa miezi kabla ya mtu kuagiza altrasaundi. Matibabu husimama juu ya miguu miwili: upasuaji wa kuondoa uvimbe, na dripu za dawa. Wengine hufanyiwa upasuaji kwanza; wengine hupewa dripu tatu, kisha upasuaji, kisha tatu zilizobaki.

Miligramu 280 za paklitakseli zimetokana na urefu na uzito wa mama. Kipimo cha kawaida ni miligramu 175 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, na mama huyu ana mita mraba 1.6. Kaboplatini hupimwa kwa figo. Kanuni yake, iliyochapishwa mwaka 1989, huchukua kasi ya figo kuchuja damu, huongeza 25, kisha huzidisha kwa namba aliyoichagua daktari, mara nyingi 5 au 6. Figo zikichuja mililita 75 kwa dakika, 5 mara 100 ni miligramu 500. Zikishuka hadi mililita 45, dawa inakuwa miligramu 350.

Kwa hiyo anayenunua dawa ya mizunguko sita kwa karatasi ya mzunguko wa kwanza anakisia. Maji ya tumbo yakikauka uzito hubadilika, na figo nazo hubadilika. Ndiyo maana kabla ya kila dripu mama hupimwa uzito, damu na figo upya.

Kwa nini duka la mtaani halina

Paklitakseli haiyeyuki kwenye maji. Watengenezaji huiyeyusha kwenye pombe na mafuta yatokanayo na nyonyo yaliyofanyiwa kazi kiwandani. Mafuta hayo yanaweza kuuchokoza mwili ghafla: kifua kubana, presha kushuka, uso kuvimba. Kwa hiyo kwanza hutolewa deksamethasoni na dawa za kuzuia mzio, halafu dripu hudondoka taratibu kwa saa tatu, muuguzi akiwa karibu. Mchanganyiko huo pia hukwangua kemikali kwenye plastiki ya dripu za kawaida. Huhitaji chupa ya kioo au mfuko maalumu, na mpira wenye kichujio. Dawa ikivuja nje ya mshipa inaweza kuunguza nyama.

Duka la Mwanjelwa, au la Miyomboni kule Iringa, halina sababu ya kuweka dawa ya namna hiyo kabatini. Na zahanati ya jirani, hata muuguzi wake awe na mkono mwepesi kiasi gani, haipaswi kuitundika.

Njia yenyewe

Njia huanza na kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachochukuliwa kupimwa. Majibu ya maabara ya patholojia yanayotaja aina ya saratani ndiyo ufunguo; bila hayo daktari makini hatatundika dawa, na bima haitalipa. Tunza nakala.

Kisha rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo kituo kikuu cha Nyanda za Juu Kusini, na ina huduma ya saratani. Mgonjwa wa Iringa yuko njia panda: Mbeya ni kama kilomita 330, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni kama 500, kwa kuteremka Kitonga. Wengi huchagua Dar kwa sababu ya jina. Mimi hushauri kuuliza kwanza: ni wapi mama anaweza kufika mara sita bila kukosa? Mwenye ndugu wa kumpokea Uyole, Mbeya, ana sababu nzito kuliko sifa za hospitali.

Dawa za umma hupitia Bohari ya Dawa, MSD, yenye ofisi za kanda Mbeya na Iringa. Kaboplatini na paklitakseli zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa mpya: paklitakseli iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya ovari mwishoni mwa 1992, na sasa viwanda vingi, hasa vya India, huitengeneza. Hospitali huagiza kwa makadirio ya wagonjwa waliosajiliwa, kwa hiyo jina la mama liingie mapema kwenye daftari la kitengo cha saratani na la famasia.

Kuhusu malipo, mwenye bima ya taifa ya afya, NHIF, aulize kama dawa zake zinahitaji kibali, na kibali kiombwe kabla ya siku ya dripu. Wengi vijijini walijiunga na mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, Sh 30,000 kwa kaya ya watu sita, na walishtuka kuambiwa kwamba huduma zake huishia hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekusudiwa kuziba pengo hilo. Uliza kifurushi chako kinafika ngazi gani. Asiye na uwezo aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kwenda huko si aibu. Ofisi hiyo ipo kwa ajili yake.

Dawa ikikosekana

Itatokea. Mwaka 2023 hata Marekani ilipungukiwa sisplatini na kaboplatini, baada ya kiwanda kimoja kikubwa cha India kusimamisha uzalishaji kufuatia ukaguzi ulioonyesha kasoro. Duniani dawa hizi ni za bei ndogo, na watengenezaji wanaotegemewa na wagonjwa ni wachache.

Hapo usiseme "tutasubiri." Muulize daktari: kuna mbadala? Sisplatini inaweza kushika nafasi ya kaboplatini kwa mwenye figo nzuri, akipewa maji mengi ya mshipani. Na paklitakseli ikikosekana, kaboplatini peke yake ni tiba inayokubalika. Utafiti mkubwa wa ICON3, uliochapishwa 2002, ulikuta wagonjwa waliopewa hiyo pekee waliishi muda unaokaribiana na wa waliopewa zote mbili. Uamuzi ni wa daktari, lakini swali ni haki yenu.

Msikimbilie dawa ya ghali mliyoisikia kwa jirani. Bevasizumabu, ijulikanayo kama Avastin, huongezwa kwa baadhi ya wagonjwa. Majaribio mawili yaliyotoka 2011 yalionyesha inachelewesha ugonjwa kurudi kwa miezi kadhaa; kwa wagonjwa wote kwa ujumla haikurefusha maisha. Tena hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Chupa iliyofungwa kwenye gazeti na kupanda basi kutoka Dar, ikapita joto la Mikumi na Ruaha Mbuyuni, haifai hata ikifika Mafinga kwenye baridi. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Avastin bandia iliyogunduliwa Uganda. Mtu akikuuzia dawa ya saratani mkononi, bila risiti ya famasia iliyosajiliwa, mkatae.

Baina ya dripu na dripu

Chembe nyeupe za damu hushuka sana kati ya wiki ya kwanza na ya pili baada ya dripu. Homa siku hizo ni dharura. Huku kwetu homa huitwa malaria kabla ya kupimwa, na mama hupewa dawa mseto akarudishwa nyumbani. Aende hospitali iliyo karibu usiku huohuo, aonyeshe kadi ya tiba, aseme wazi: "Nimetundikiwa dawa ya saratani siku kumi zilizopita." Sentensi hiyo iandikwe mbele ya daftari lake, kwa maana mgonjwa wa homa kali anaweza kushindwa kuitamka.

Sasa nirudi kwenye kikao. Fedha za Nyanda za Juu hufuata mavuno, lakini siku 21 hazingoji mahindi yakauke. Mjomba, shamba liacheni kwanza. Chukueni daftari la shule, mwandike tarehe sita. Mbele ya kila tarehe andikeni nani atamsindikiza mama, atalala kwa nani, nauli itatoka wapi, na nani atapiga simu famasia ya hospitali wiki moja kabla kuuliza kama dawa ipo. Nafasi iliyobaki wazi ndiyo mnayopaswa kuitafutia fedha. Kisha mwiteni mama atoke chumbani, asomewe. Mwili ni wake, na tarehe ni zake.