Kodi ya Petroli Iliyochangia Pensheni

Septemba 1998 Wajerumani walimwondoa Helmut Kohl madarakani baada ya miaka 16, na Gerhard Schröder akaunda serikali ya mseto: SPD, chama cha wafanyakazi, pamoja na chama cha Kijani. Huku Dortmund ninakoishi, mseto huo haukuwa mgeni. Jimbo letu lilikuwa nao tangu 1995, na ulinusurika chupuchupu kuvunjika kwa sababu ya machimbo ya makaa ya Garzweiler. SPD ilitetea ajira. Kijani hawakutaka vijiji vihamishwe.

Wengi wakizungumzia serikali ile hutaja mkataba wa kufunga vinu vya nyuklia. Mimi naitazama kodi. Kuanzia Aprili 1999 kodi ya petroli iliongezwa pfennig 6 (senti za sarafu ya wakati huo) kwa lita, na nyongeza kama hiyo ikafuata kila mwaka hadi 2003. Sehemu kubwa ya fedha iliingia mfuko wa pensheni, na makato yakashuka kutoka asilimia 20.3 ya mshahara hadi 19.5, mwajiri akilipa nusu. Jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa tanuri la chuma, anasema aliilaani kodi hiyo kila alipojaza tangi, ila akiishika hati ya mshahara alikuwa hana la kusema. Mfanyakazi na mazingira walihudumiwa kwa fedha ileile.

Mwaka 2000 Hermann Scheer wa SPD na Hans-Josef Fell wa Kijani walipigania sheria ya umeme jadidifu. Aliyefunga sola juu ya paa aliuza umeme kwenye gridi kwa pfennig 99 kila uniti, bei iliyohakikishwa kwa miaka 20, kiasi kwamba benki zilikubali kumkopesha. Wakati huo umeme jadidifu ulikuwa kama asilimia 6 tu ya umeme wote. Leo umepita nusu. Lakini gharama iligawanywa kwenye bili za watu wote, na mpangaji asiye na paa alimlipia mwenye nyumba. Hilo linaniuma hadi leo.

Kilichoiangusha serikali ile hakikuwa jua wala nyuklia. Mwaka 2003 Schröder alileta mageuzi ya kubana posho za wasio na kazi, na Kijani wakayaunga mkono. Wafanyakazi wakaihama SPD. Mei 2005 ilipoteza jimbo letu ililolitawala miaka 39. Schröder akaitisha uchaguzi mapema, na kufikia Novemba Angela Merkel alikuwa kansela.