Neno la Walpole: nasibu yenye macho

Siku hizi Waingereza hutumia neno "serendipity" hata kwa mtu aliyeokota noti barabarani. Matumizi hayo yanalipunja neno lenye akili nyingi.

Tarehe yake ya kuzaliwa inajulikana. Tarehe 28 Januari 1754 Horace Walpole, mwandishi wa Kiingereza, alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza mjini Florence, kumshukuru kwa picha ya Bianca Cappello, mwanamke wa Venice. Alimweleza kwamba alipopekua kitabu cha kale cha nembo za Venice aligundua jambo kuhusu nembo ya ukoo wa Cappello. Ugunduzi wa namna hiyo akaubunia jina.

Jina alilitoa katika hekaya yenye asili ya Kiajemi, iliyochapishwa kwa Kiitalia huko Venice mwaka 1557, ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, yaani Sarandibu, kama Waarabu walivyokiita kisiwa cha Sri Lanka. Wana hao walikuwa wakigundua safarini mambo wasiyoyatafuta. Walpole anatoa mfano: mmoja alitambua kwamba nyumbu aliyepita njia hiyo alikuwa chongo wa jicho la kulia, kwa sababu majani yameliwa upande wa kushoto tu, ingawa huko ndiko yalikokuwa hafifu. (Katika hekaya yenyewe mnyama ni ngamia.) Nasibu iliwapitisha hapo, werevu ndio uliosoma majani. Walpole alivitaka vyote viwili, na nadhani alikuwa sahihi.

Wanasayansi ndio waliolienzi neno hili katika karne ya 20, na mfano wao mkuu ni Alexander Fleming. Septemba 1928 alirudi kutoka likizo kwenye maabara yake katika hospitali ya St Mary's, London, akakuta kuvu imeota kwenye kisahani cha bakteria, na bakteria waliokuwa karibu nayo wameyeyuka. Kisahani kilichoharibika hutupwa. Lakini Fleming alikuwa ameshagundua lisozaimu, kimeng'enya cha kwenye machozi kinachoua baadhi ya bakteria, hivyo alijua anachokitazama. Penisilini ikaanzia hapo.

Basi aliyeshinda bahati nasibu ana nasibu bila werevu, na mtafiti aliyepata alichokipangia ana werevu bila nasibu. Hakuna kati yao anayestahili neno la Walpole.