Kipimo cha Dawa: Kwa Nini Mwuguzi Hupima na Kuuliza Kabla ya Kutoa

Mtu akifika zahanati au hospitali katika nchi ya Ufipa, iwe mjini Sumbawanga au katika Laela, Matai na Mtowisa, hukuta desturi moja ambayo wengi huistaajabia. Mwuguzi aliyemwona jana, na pengine ni jirani yake, humwuliza tena, "Mama, jina lako nani? Na la baba yako?" Na mtoto aliyepimwa uzito kliniki mwezi uliopita hupandishwa tena mizanini, huku akilia na mama yake akinung'unika. Wazee wengine huona ni dharau, maana kwetu kumwuliza jina mtu unayemjua si adabu. Kina mama huona ni kupoteza wakati, hali mtoto ana homa. Katika maongezi haya twataka kueleza kwamba maswali hayo na mizani hiyo ni sehemu ya dawa yenyewe, na kwamba dawa iliyotolewa pasipo hayo yaweza kuua kama ugonjwa uuavyo.

Tuanze na safari ya dawa mwilini. Tembe ikimezwa huyeyuka tumboni, na kile chenye nguvu kilichomo ndani yake hupenya kuta za matumbo na kuingia katika damu. Damu hiyo hupita kwanza katika ini, nalo ini ni kama forodha, huzuia baadhi na kuachilia baadhi. Kilichoachiliwa huzungushwa na moyo mwili mzima, hata kufika penye ugonjwa. Na pia hufika pasipo na ugonjwa, maana damu haichagui njia. Halafu ini na figo huanza kuitoa ile dawa kidogo kidogo, kama mwili utoavyo kila kitu kigeni.

Fikiri basi mtungi wenye tundu dogo chini. Ukitia kata moja ya maji, maji hupanda, kisha hushuka polepole kwa lile tundu. Ukitia kata nyingine kwa wakati wake, hupanda tena, na mtungi hauwi mtupu wala haufuriki. Ukitia kata tatu kwa mara moja, hufurika, ukikawia, hukauka. Katika mtungi huo kuna alama mbili: chini ya alama moja dawa haifai kitu, na juu ya alama ya pili hudhuru. Kwa dawa nyingine alama hizo zimeachana sana, kama penisilini, na mtu hupata nafasi ya kutosha. Kwa nyingine zimekaribiana kama vidole viwili vya mkono mmoja, kama ile dawa ya moyo iitwayo digoksini, na hapo kosa dogo ni kosa kubwa. Mtungi wa mtoto ni mdogo kuliko wa baba yake. Na mzee ambaye figo zake zimechoka, tundu la mtungi wake limeziba nusu, hata kipimo kilichokuwa halali yake zamani kinaweza kuwa sumu leo.

Hiyo ndiyo sababu ya mizani. Tuchukue ugonjwa ambao Wafipa wanaujua sana. Uwanda wa Ufipa ni wa baridi, umeinuka kupita mita 1,500 juu ya bahari, na mbu wa malaria hawastawi huko kama wanavyostawi bondeni. Lakini watu wa uwandani hushuka Bonde la Ziwa Rukwa, kama huko Muze, kulima na kufanya biashara, nao hawakuzoea malaria tangu utotoni kama wenyeji wa bondeni. Wakirudi nyumbani huja na homa, na mtoto aliyefuatana nao huwa wa kwanza kulemewa.

Tuseme mtoto huyo ana kilo 10, amezidiwa, hawezi kumeza. Atachomwa sindano ya atesuneti, na kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 kipimo chake ni miligramu 3 kwa kila kilo. Maana yake miligramu 30. Chupa moja ina unga wa miligramu 60. Mwuguzi huuyeyusha kwanza kwa mililita 1 ya kimiminika chake maalumu. Akitaka kuchoma msulini huongeza mililita 2 za maji ya chumvi, na akitaka kuchoma katika mshipa wa damu huongeza mililita 5. Basi kwa mtoto yule yule, dawa ile ile na chupa ile ile, ya msulini ni mililita 1.5 na ya mshipani ni mililita 3. Mwenye haraka akichanganya kwa njia moja na kuvuta kwa hesabu ya njia ya pili, mtoto hupata nusu ya dawa au mara mbili yake. Na kama hakupima uzito bali alikisia kwa macho, hesabu yote imejengwa juu ya mchanga. Kinachobaki katika chupa hutupwa, wala hakiwekwi kwa mgonjwa wa kesho, maana dawa hiyo ikiisha kuchanganywa haikai. Tumewasikia watu wakiuita huo ubadhirifu, sivyo.

Kuna na nukta ile ndogo. Nusu ya mililita ikiandikwa .5 bila sifuri mbele, na karatasi ikiwa imekunjamana au taa ni hafifu, msomaji huona 5, na mgonjwa hupata mara kumi. Ndiyo sababu wauguzi hufundishwa kuandika 0.5. Tena hufundishwa kumwita mwenzao apige hesabu ile upya peke yake, pasipo kuonyeshwa jibu la kwanza. Vijana wa shule wanaoona hesabu za desimali hazina kazi na wawatazame wauguzi wawili wakikubaliana juu ya nukta moja.

Zamani mkono mmoja ulitosha. Huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alikuwako daktari Adrien Atiman, ambaye hospitali moja mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Alizaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasoma utabibu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889 akawatibu watu hata alipofariki mwaka 1956. Kwa tabibu wa namna hiyo, anayekaa peke yake mbali na miji, yule aliyemtazama mgonjwa ndiye aliyepima dawa na ndiye aliyeitoa. Siku hizi dawa hupita mikono mingi: tabibu huandika, mfamasia hutoa, mwuguzi wa mchana huanza, mwuguzi wa usiku huendeleza, na mama humalizia nyumbani. Jambo hili limeleta faida kubwa, lakini kila mkono ni mahali ambapo kosa laweza kuingia. Ndiyo maana mwaka 2017 Shirika la Afya la Dunia lilizitaka nchi zote zipunguze madhara yatokanayo na makosa ya dawa. Tena si nchi maskini tu, maana makosa haya hutokea hata katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani.

Hapo ndipo lilipo lile swali la jina. Katika wodi moja mnaweza kulala Maria watatu, na wawili kati yao wakawa binti Yohana. Mwuguzi akisema, "Wewe ndiwe Maria?" mgonjwa mwenye homa kali, au mzee asiyesikia vizuri, ataitikia "Ndiyo" kwa heshima tu. Kwa hiyo mwuguzi aliyefunzwa hasemi jina yeye. Humwacha mgonjwa alitaje mwenyewe, kisha hulilinganisha na cheti. Hutazama mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na saa ndiyo. Akiisha kutoa, huandika papo hapo. Asipoandika, mwenzake wa zamu ya usiku atadhani haikutolewa, naye atatoa ya pili.

Juu ya saa yatupasa kukaa kidogo, maana hapa lugha yetu yenyewe imetega mtego. Sisi huhesabu saa tangu kucha, na cheti cha hospitali huhesabu tangu usiku wa manane. Cheti kikisema 8:00, sisi twasema saa mbili asubuhi. Mwanafunzi mgeni katika kazi akikisoma kama saa nane, dawa imechelewa saa sita. Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006, ina sharti kwamba kipimo cha pili kinywewe baada ya kupita saa nane tangu cha kwanza. Mama akiambiwa dirishani kwa ufupi, "Cha pili saa nane," ataelewa nini? Atampa mtoto saa nane mchana, au atamwamsha saa nane usiku. Afadhali mwuguzi aseme kwa urefu hivi: "Mama, umempa cha kwanza sasa hivi, saa tatu asubuhi. Cha pili mpe leo saa kumi na moja jioni. Kesho mpe saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, na kesho kutwa vivyo hivyo." Kisha mama na ayarudie maneno hayo kwa kinywa chake kabla hajaondoka. Mtoto wa kilo 10 hunywa tembe moja kila mara, jumla tembe 6. Mtu mzima hunywa 4 kila mara, jumla 24. Dawa hii huingia vema mwilini ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa. Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita, apewe kipimo kile tena, na mama arudi kuomba tembe ya kufidia.

Wengine husema, "Haya yote ya nini? Nichomwe sindano, yatosha." Imani hiyo ina asili yake. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipiga vita ugonjwa wa buba kwa sindano za bismathi, na watu waliona kwa macho yao vidonda vikikauka kwa siku chache. Walikuja makundi kwa makundi, na tangu hapo sindano ikapata sifa ambayo tembe haijaipata. Lakini sindano haina nguvu ya pekee; ni njia tu, inayokwepa tumbo na ile forodha ya ini. Ikikosewa hairudishwi. Tena matakoni mwa mtoto hupita mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni, na sindano iliyochomwa vibaya imewaacha watoto wengine wakiburura mguu maisha yao yote. Kwa mtoto mdogo huchomwa pajani, upande wa nje.

Tutaje dawa moja zaidi, kwa kuwa waliokaa na wagonjwa katika wodi ya wazazi wameuliza juu yake. Mwanamke mjamzito akipatwa na kifafa cha mimba huchomwa magnesiamu salfeti, nayo huokoa maisha ya wengi. Alama mbili za mtungi zimekaribiana sana katika dawa hii. Kwa hiyo kabla ya kila sindano mwuguzi humgonga mgonjwa goti kwa kinyundo, huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, na hupima mkojo wake. Jamaa wakiona hivyo hudhani mgonjwa anachezewa. La hasha! Dawa ikizidi, goti huacha kuruka kwanza, na baadaye pumzi hukoma. Goti likiruka, pumzi zikiwa 16 au zaidi kwa dakika, na mkojo ukipita mililita 100 kwa saa nne, figo zinaitoa dawa, na sindano ifuatayo ni salama. Goti lisiporuka, mwuguzi huizuia dawa hata kama cheti kimeamuru, na humwita tabibu. Na kalsiamu ya kuivunja nguvu huwekwa karibu, tayari.

Nyumbani hakuna kinyundo wala mwenzake wa kukagua hesabu, na huko ndiko paracetamoli hutolewa kama karanga. Kipimo chake kwa mtoto ni kama miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wetu wa kilo 10 astahili 150, na tembe moja nzima ya mtu mzima ina 500. Mpe ile aliyoandikiwa yeye, kwa kijiko kilichokuja na chupa, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani. Mtoto asipewe zaidi ya mara nne kwa siku. Dawa nyingi za mafua zina paracetamoli ndani yake, basi mtu akitoa zote mbili ametoa mara mbili bila kujua. Ini likiungua kwa dawa hii halilii siku ile. Mgonjwa huonekana mzima siku moja au mbili, kisha hugeuka.

Husemwa jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Hata hivyo, wengi wanaofika hospitali wamekwisha kunywa dawa za miti, wakaficha wasije wakachekwa. Mwuguzi anapouliza, "Umekunywa nini kabla ya kuja?" hatafuti mtu wa kumcheka. Dawa iendeshayo tumbo huitoa tembe kabla haijaingia katika damu, na dawa inayolemea ini au figo hubadili ukubwa wa lile tundu la mtungi. Mwambie yote, umletee na vichupa, makaratasi na mizizi katika mfuko mmoja. Mwanamke aseme kama ana mimba au ananyonyesha, na aliyewahi kuvimba uso au kuwashwa mwili kwa sindano fulani aitaje, na alijue jina lake. Asiyeweza kulikumbuka na aombe liandikwe kwa wino katika daftari lake la kliniki, ukurasa wa kwanza, mahali ambapo macho ya kila mwuguzi hufika kabla ya mkono wake kufika kwenye chupa.