Unaunda gemu? Jamii zako zianze na kisima, si misuli

Kama umewahi kucheza gemu za kuigiza wahusika, unaijua ile skrini ya kwanza. Kabla hujaua hata joka moja, unaulizwa wewe ni nani: binadamu, elfi, kibeti au orki? Unabonyeza, na namba zinajipanga zenyewe. Orki anaongezewa nguvu, elfi anaongezewa wepesi, safari inaanza.

Sasa jiulize: mtu wa Lodwar au Kakuma angepewa namba gani kwenye skrini hiyo?

Usicheke. Kuna watu wanaoijaza skrini hiyo kitambo bila kuwauliza wenyewe. Kwenye vichwa vya habari, Mturkana ni ukame na wizi wa mifugo. Mkimbizi ni hema na foleni. Mwaka 2025, pesa za msaada zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuzipanga familia za Kakuma na Kalobeyei katika makundi manne kulingana na uhitaji. Kundi lako ndilo linaloamua utapata kiasi gani, au kama utapata kabisa. Kijana aliyesomewa kundi la familia yake haelezwi mara mbili maana ya kufungiwa ndani ya kisanduku kimoja.

Ndiyo maana, ukiamua kuunda gemu yako mwenyewe, hapa ndipo pa kuanzia.

Kosa la kizamani

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliozaa karibu gemu zote za aina hii, ulitoka Marekani mwaka 1974. Kwa miongo mingi kanuni ilikuwa ileile: ukizaliwa orki, wewe ni mkali, na mara nyingi wewe ni mwovu pia. Wachezaji walilalamika kwamba huo ni ubaguzi uliovalishwa meno marefu. Mwaka 2020 kampuni inayoumiliki, Wizards of the Coast, ilikiri tatizo hilo na kutoa kanuni zinazomruhusu mchezaji kuhamisha pointi zake bila kujali jamii aliyozaliwa. Kitabu cha wachezaji cha 2024 kikaacha kabisa neno "mbari" na kutumia "spishi".

Lakini kubadilisha neno pekee hakutoshi. Swali ni utaweka nini mahali pa zile namba.

Anza na mahali

Fika kwenye mto Tarach pale Kakuma, au Kawalase ukiwa Lodwar. Sehemu kubwa ya mwaka utakuta mchanga mtupu. Maji yako chini, na watu huyachimba. Kisima kikiwa kirefu, wanapanga mstari ndani yake na kupokezana maji mkono kwa mkono mpaka juu.

Hiyo tayari ni jamii ya kuchezwa. Watu wako wa kubuni wanajua kusoma mchanga na kupata maji pale ambapo mgeni atakufa kwa kiu. Huo ni ujuzi. Sasa wape na deni: kisima chochote watakachochimba, hawawezi kumnyima mwenye kiu, hata akiwa adui. Tayari una hadithi, kwa sababu siku moja adui atafika na ndoo. "Nguvu +2" haiwezi kukupa hilo.

Jamii ya pili imefika kutoka mbali. Usiiandike kama "waliopoteza kila kitu". Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na leo soko lake lina watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingine. Mtoto anayekulia pale anaweza kusikia Kiswahili, Kiarabu, Kisomali, Kidinka na Kifaransa kabla ya saa sita mchana. Basi mhusika wa jamii hii aanze gemu na lugha tatu mfukoni. Anaelewana na kila muuzaji. Lakini hatoki nje ya mji bila kibali cha maandishi.

Kanuni hiyo ya mwisho sijaitoa hewani. Wakimbizi wa Kakuma wanahitaji kibali kusafiri. Mchezaji wa Nairobi ambaye hajawahi kuulizwa karatasi kwa kupanda matatu tu atakwama langoni, atakasirika, kisha ataanza kufikiri. Hotuba ya kurasa kumi haitamfikisha hapo.

Igawe jamii ndani yake

Kosa la pili ni kuifanya jamii nzima iwe mtu mmoja aliyezidishwa mara elfu. Angalia mfumo wa Waturkana wenyewe. Wanaume wamegawanyika pande mbili: Ngimoru, yaani mawe, na Ngirisai, yaani chui. Na mtoto wa kiume haingii upande wa baba yake. Baba akiwa jiwe, mwana ni chui, na mjukuu anarudi kuwa jiwe kama babu.

Hebu fikiria ulivyo mtego mtamu kwa mbuni wa gemu. Kuna ushindani wa pande mbili, lakini kila nyumba ina watu wa pande zote mbili. Ukitaka kuangamiza "upande ule", unaanza na baba yako. Gemu nyingi kubwa zingetamani kanuni safi namna hiyo.

Mwandani awe na lake

Sasa tuje kwa wandani, wale wahusika wanaosafiri nawe. Mwandani anayekubali kila kitu ni mzigo wenye sauti. Waliocheza Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023 wanakumbuka jinsi Lae'zel au Astarion wanavyokupima kwa kila uamuzi, na kuna mambo ukiyafanya baadhi ya wandani wanaondoka.

Wala si lazima mwandani awe shujaa. Katika simulizi ya Nayece, ambayo husimuliwa kwa namna nyingi, vijana wanamfuata dume la ng'ombe lililopotea kutoka nchi ya Wajie, Uganda ya leo, na kumkuta bibi anayeokota matunda katika nchi wasiyoijua. Ng'ombe mmoja na ajuza mmoja, na kutoka hapo linaanza taifa.

Kwa kila mwandani jibu maswali matatu: Anajua nini usichokijua? Anataka nini usichokitaka? Ni jambo gani likitokea atakuacha? Chukua muuza makaa wa kike kutoka kijiji cha jirani na kambi, na kijana mtafsiri anayeishi kambini. Wanakwenda Lodwar, kilomita kama 120. Yeye anaijua njia na hahitaji kibali. Kijana ana lugha zote lakini karatasi yake imeisha muda. Kizuizini askari anauliza, "Huyu ni wako?" Mwachie mchezaji aamue, na usimwambie jibu sahihi ni lipi.

Vifaa si kisingizio

Najua utasema huna kompyuta. Lual Mayen pia hakuwa nayo. Alizaliwa familia yake ikikimbia vita vya Sudan na akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu ili amnunulie laptopu ya dola 300, naye alitembea mwendo mrefu kwenda kuichaji. Akajifunza mwenyewe na kuunda Salaam, gemu ambayo mchezaji ni mkimbizi anayekimbia vita. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye jukwaa la The Game Awards huko Marekani.

Wewe unaweza kuanza na chini ya hapo: daftari, penseli na kete za ludo. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zilifunguliwa kwa umma Januari 2023. Unaweza kuzitumia na hata kuuza kazi yako, mradi utaje zilikotoka. Siku ukipata mashine, Godot ni programu ya kuundia gemu isiyolipiwa.

Ila usiandike peke yako. Ukiwa wa Lodwar, mtafute wa Kakuma aandike jamii yako, nawe uandike yake. Kisha mbadilishane daftari, na kila mmoja afute kwa penseli nyekundu kila mstari ambao mama yake angeukataa. Kitakachobaki ndicho mtakachochezesha mbogi nzima Jumamosi.