Ganda la Risasi Mbele ya Hakimu

Bunduki inapofyatuliwa, risasi huenda mbele na ganda lake husukumwa nyuma kwa nguvu juu ya chuma kilichoziba mtutu, na madhali shaba ni laini kuliko chuma hicho, mikwaruzo iliyoachwa na mashine za kiwandani hupigwa chapa kitakoni mwa ganda, kandokando ya kishimo kinachoachwa na pini ya kufyatulia. Kwa alama hizo mtaalamu wa silaha Calvin Goddard aliyachunguza chini ya hadubini maganda 70 ya mauaji ya Chicago ya mwaka 1929, akabainisha kuwa yametoka katika bunduki mbili za Thompson. Na tangu zama hizo mahakama za Marekani zimezoea kumsikia mtaalamu akiapa kwamba ametazama na kuridhika. Kuridhika kwake kulipimwa kwa mizani gani, aghalabu hakuulizwa.

Mizani ilikuja baadaye. John Song wa taasisi ya vipimo ya NIST alitunga kanuni ambayo kwayo sura ya kitako, iliyopimwa hata matuta yake ya mikroni, hukatwa vijiraba, kila kijiraba kikatafutiwa mwenziwe katika ganda la pili kwa kukizungusha na kukisogeza. Vikikubaliana sita au zaidi juu ya mzunguko na msogeo ule ule, maganda huhesabiwa kuwa ya silaha moja.

Walakini Joseph Zemmels na Heike Hofmann wa Chuo Kikuu cha Iowa State, pamoja na Susan VanderPlas wa Chuo Kikuu cha Nebraska-Lincoln, walipokusudia kuiandika upya kanuni hiyo kwa lugha ya kompyuta ya R katika programu huria iitwayo cmcR, waliona kwamba makala zilizochapishwa zilikuwa zimenyamazia mambo mengi: kingo zikatwe wapi, kelele za kipimo zichujwe kwa kiasi gani, vizingiti viwekwe wapi. Wakayajaribu yote juu ya maganda 40 ya slaidi 10 za bastola zilizochongwa mfululizo, ambazo ndizo mtihani mgumu, kwa kuwa hufanana mno. Na ikadhihirika kuwa ukibadili jambo dogo katika matayarisho, idadi ya vijiraba vinavyokubaliana nayo hubadilika.

Hapa ndipo ninapouona ubora wa programu iliyo wazi, wala si katika kasi yake. Kosa la mtaalamu hukaa kichwani mwake, ilhali vizingiti vya cmcR vimeandikwa mahali ambapo wakili wa mshtakiwa, akipata mtu ajuaye hesabu, aweza kuvibadili bila kumlipa yeyote idhini, akakokotoa tena, kisha akasimama kumwuliza shahidi mbona vijiraba vilivyokuwa tisa sasa ni vitano.